Mapasa Hawapimwi

Lifti ilikuwa imekufa tena, na mjumbe wa timu ya mpira kutoka Amerika alipanda kwa miguu mpaka ghorofa ya tisa. Alipofunguliwa mlango uso wake ulikuwa mwekundu, tai imelegea, anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Pulchérie aliona aibu ikimpanda kuanzia nyayoni. Wiki nzima alikuwa amesugua kuta, amefua mapazia, amewakataza watu wa nyumba kukaanga dagaa. Hakukumbuka kuiombea lifti.

"Karibu, karibu, pole sana," alisema, halafu akakumbuka kwamba mgeni hajui Kiswahili, akamtazama Alnasir amsaidie.

Alnasir alikuwa nyuma ya mgeni, naye anajishika kiuno. Huyu ndiye mwenye duka la dawa pale chini, barabara ya Dixon, Mwismaili mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinanukia Mwanza ingawa aliondoka huko na nywele nyeusi. Ndiye aliyeanzisha timu ya mpira wa kikapu ya watoto wa mtaa ule wa maghorofa, ndege zikiwapitia juu ya vichwa kwenda kutua. Ndiye aliyewapa watoto wa Pulchérie mpira wao wa kwanza. Leo aliombwa kutafsiri, maana Kiingereza cha Pulchérie kilitosha kazini, kwenye nyumba ya wazee alikofua mashuka, lakini hakikutosha kwa shughuli kama hii.

Na shughuli yenyewe ilikuwa kubwa. Landry na Fabrice, mapacha wa sura moja, urefu mmoja, hata mwendo mmoja, walikuwa wanachezea chuo kimoja kule Indiana. Baada ya wiki mbili, mwezi wa Juni, ilikuwa siku ya uteuzi, siku ambayo timu za kulipwa za Amerika hukaa zikachagua vijana kwa zamu, mmoja mmoja, mzunguko wa kwanza na wa pili, mpaka majina sitini yaishe. Sitini tu, dunia nzima. Asiyeitwa atajijua mwenyewe.

Kule Uvira alikozaliwa Pulchérie mapacha huitwa mapasa, na mwanamke akishawazaa hupoteza jina lake papo hapo. Kanisani, sokoni, kwenye simu, yeye alikuwa Mama Mapasa, na mumewe Déo, Mrundi wa Bujumbura, alikuwa Papa Mapasa. Cheo hicho kina sheria zake, na bibi yake Pulchérie alimwachia zote. Ukimnunulia mmoja shati, nunua mawili. Ukimchapa mmoja, mchape na mwenzake hata kama amelala. Mapasa hawapimwi. Ukiwapima, yule atakayeonekana mwepesi atakasirika, atarudi alikotoka.

Basi hebu fikiria mwanamke huyo anavyoishi mwaka ambao dunia nzima inawapima. Binti yake wa mwisho, Amandine, alikuwa anashinda kwenye simu akisoma tovuti za mpira, na kila tovuti iliwaweka kaka zake ubavu kwa ubavu, mstari katikati. Fabrice anaona nafasi kabla haijafunguka. Landry ni mchapakazi, mlinzi mzuri, mkono wake mzito. Fabrice mzunguko wa kwanza. Landry labda wa pili, labda hapana. Kila Amandine aliposoma "labda hapana" mama yake alisukuma sahani.

"Sura moja, tumbo moja, maziwa yale yale," alikuwa akilalamika. "Sasa hiyo tofauti wanaitoa wapi, watu hawa?"

"They have numbers, Mama," Amandine alijibu. Alisikia Kiswahili chote, ila kujibu alijibu kwa lugha ya shule.

Siku hiyo Déo alikuwa kazini na Amandine shuleni. Mjumbe aliketi, akapewa maji, akamaliza bilauri mbili. Alikuwa mtu wa adabu. Akasema kwa kirefu, na Alnasir akafupisha.

"Dada Pulchérie, anasema timu yao ina nafasi moja. Vijana wote wawili wanawapenda. Video wameziangalia mpaka macho yamechoka. Anaomba umwambie kuhusu kila mmoja jambo ambalo video haiwezi kulionyesha."

"Nafasi moja?"

"Moja, dada."

"Kwa hiyo wanataka nimpime mtoto wangu kwa mtoto wangu."

"Hajasema hivyo."

"Amesemaje basi?"

Alnasir akajikuna sikio.

Pulchérie akaanza na Landry, maana ndiye aliyetangulia kutoka. Alisema Landry aliwahi kucheza mechi nzima kidole cha mguu kimevunjika na hakumwambia mtu. Alisema yeye akiumwa ni Landry aliyekuwa akiamka kumkorogea uji. Alisema na ya shuleni, na ya kanisani. Mjumbe aliandika kidogo, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza habari za mtoto wa jirani.

"Na Fabrice?" akauliza, na kabla Pulchérie hajafungua mdomo uso wa yule mzungu ulikuwa umeshang'aa. Alisogea mbele ya kiti.

Pulchérie aliuona mng'ao ule, ukamchoma. Ameshashiba huyu, alijisemea moyoni, mwenzake hata hajaonja. Nyumbani kwake, watoto walipokuwa wadogo, alikuwa akisimama juu ya meza na mwiko akitazama sahani mbili, na moja ikizidi alisema, "Fabrice, punguza. Mwongezee mwenzako." Karibu kila siku ilikuwa Fabrice wa kupunguza, kwa sababu Fabrice alikuwa mwepesi wa mkono. Na Fabrice alipunguza bila kununa. Mkono wa Pulchérie haukujua njia nyingine ya kugawa.

"Fabrice ni mzuri," alisema. "Mzuri kabisa. Ila kuna siku alianguka. Alikuwa mdogo, miaka kumi na mmoja hivi, anakimbia pale kwenye uwanja nyuma ya shule, akaanguka chini kama gunia. Macho yakageuka. Nikamwita, haitiki. Halafu akaamka, akacheka. Akaniambia, Mama usimwambie Papa, atanikataza mpira. Sikumwambia mtu mpaka leo."

Alnasir hakutafsiri. Alikuwa mtu wa dawa, alijua kuanguka ni kuanguka, na kuanguka unakimbia ni jambo lingine, huenda la moyo.

"Dada, na hili nalo niliseme?"

"Sema."

"Dada Pulchérie, hili si jambo dogo."

"Kwani lilimfanya nini? Si huyo mzima, anaruka kama swala? Sema, bwana. Ya Landry umesema yote, ya Fabrice unataka kunifichia?"

Alnasir akasema. Kalamu ya mjumbe ikasimama, kisha ikaandika kwa haraka. Mng'ao ulitoka usoni mwake taratibu, na Pulchérie, Mungu amsamehe, akahisi moyo wake unatulia. Sasa wako sawa. Kidole kimoja amemshusha huyu, kidole kimoja amempandisha yule, watakutana katikati na wote wataitwa. Akamletea mgeni sambusa.

*

Jumapili iliyofuata mapacha walikuwa wamerudi nyumbani kusubiri siku yao. Watu walikuwa wametoka kanisani, bado na nguo nzuri. Déo alikuwa anajaribu koti jipya mbele ya kioo cha ukumbini, la kijivu, alilolinunua ili siku ya uteuzi asiaibishe watoto. Miaka yote alikuwa mpakiaji wa mizigo kiwanja cha ndege, na wenzake wote kazini walishajua habari ya koti.

Simu ya Fabrice ikaita. Alikuwa wakala wake, na Fabrice akaiweka juu ya meza wote wasikie, akijua ni habari njema.

Wakala alizungumza harakaharaka. Amandine ndiye aliyeanza kuelewa, akaweka mkono mdomoni.

"Anasema nini?" Déo akauliza. "Amandine! Anasema nini?"

"Timu zinamwacha Fabrice," Amandine alisema, na kwa mshtuko Kiswahili kikamtoka chenyewe. "Tatu zimeshamtoa. Wanasema moyo wake ni mgonjwa. Wanasema alizimia."

"Nani alizimia?"

"Fabrice."

"Fabrice huyu? Lini?"

Wakala aliendelea kusema. Mtu wa familia ndiye aliyewaambia, alisema, habari imetoka nyumbani kwenu hapohapo, na sasa imezunguka ligi nzima. Nani amefanya upuuzi huu siku kumi kabla ya uteuzi?

Katika chumba kile watu wawili tu walikuwa wanaijua siku ile ya uwanja wa shule. Fabrice aliinua macho, akamtazama mama yake. Pulchérie alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, mchuzi unadondoka sakafuni, hauoni. Fabrice alimtazama mpaka akammaliza. Midomo yake ikafunguka kidogo, ikafungika.

"Ni mimi," Fabrice alisema. "Mimi ndiye niliwaambia."

Alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye nyumbani alijibu Kiingereza siku zote, na alisema polepole ili asikike.

"Wewe?" Landry akaruka. "Why? Why would you do that?"

"Waliniuliza. Nikasema ukweli."

Déo alivua koti. Alilivua mkono mmoja, akakwama wa pili, akavuta kwa nguvu mpaka bitana ikalia. "Mtu mzima anajichongea mwenyewe?" alisema. "Mtu anashika shoka anakata tawi alilokalia? Nimebeba masanduku ya watu mpaka mgongo umepinda, nikasema haidhuru, nina Fabrice. Kumbe nina mjinga. Tena mjinga mwenye mdomo!"

"Samahani, Papa."

"Samahani yako nikaivae?"

Na Pulchérie? Alinyamaza. Ndiyo, alinyamaza, mwanamke yule yule aliyemchapa Landry kwa kosa la Fabrice na Fabrice kwa kosa la Landry ili haki itendeke. Alisimama pale akasikiliza mtoto wake akitukanwa kwa neno lililotoka kinywani mwake yeye. Unaweza kumkasirikia, una haki. Hata mimi ninayesimulia nimemkasirikia. Lakini ulimi wake ulikuwa umekufa ganzi, alijaribu kuunyanyua akaona hauinuki.

Wakala alikuwa hajamaliza. Kuna jingine, alisema, na Amandine akatafsiri huku machozi yanamtoka. Kwa kuwa ni mapacha wa yai moja, kilichomo kwenye moyo wa mmoja huenda kimo na kwenye wa pili. Ligi inataka wote wapimwe, wiki hii hii.

"Wote wawili?" Pulchérie akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Wote wawili, Mama."

Landry akakaa chini polepole. Mwiko ukamponyoka Pulchérie, ukapiga kelele sakafuni, na hakuna aliyeinama kuuokota.

*

Kesho yake alikwenda dukani kwa Alnasir. Alisimama kwenye foleni kama wanunuzi wengine, nyuma ya mzee aliyetaka dawa ya kikohozi, na zamu yake ilipofika akaanza kulia mbele ya watu. Alnasir akamwacha msaidizi kwenye kaunta, akampeleka kwenye kile kijichumba cha kupimia shinikizo la damu, akafunga pazia.

"Mpigie simu yule mtu," Pulchérie alisema. "Mwambie nilidanganya. Mwambie mimi ni mwanamke mjinga, niliota."

"Nilishampigia, dada. Jana, niliposikia. Nilimwambia mama alichanganya mambo."

"Akasemaje?"

Alnasir alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. "Anakushukuru. Anasema ni nadra kumpata mzazi mkweli kama wewe. Anasema neno likishasikika halisahauliki."

Ananishukuru. Pulchérie alilirudia neno hilo kwa sauti, kama mtu aliyepewa kitu asijue akishike wapi. Afadhali yule mzungu angemtukana.

"Kwa nini ulinilazimisha?" Alnasir akauliza. "Nilikuuliza mara mbili."

"Hawakuwa sawa."

"Nani amekwambia watoto wanakuwa sawa? Sisi kwetu tulizaliwa sita. Mama yangu alimpenda mmoja waziwazi, mchana kweupe, na tukaishi."

"Na huyo mmoja ni wewe?"

"Ningekuwa mimi ningeuza dawa ya kikohozi hapa Dixon?"

Pulchérie alicheka katikati ya kilio, kisha akalia zaidi. "Déo hajui," alisema. "Fabrice amejitwika. Ananipita ukumbini, ananisalimia vizuri, na hasemi kitu. Bora angenipigia kelele."

"Mimi nilikuwa mdomo tu," Alnasir alisema. "Mdomo wa kukodi hausemi ya mwenyewe. Lakini wewe una mdomo wako, dada. Ya kwako utayasema lini?"

Pulchérie alinunua kitu asichokihitaji, ili watu wa kwenye foleni wasiseme ameingia bure, akatoka.

*

Siku ya vipimo aliketi kwenye korido ya hospitali, mlango mmoja kushoto, mlango mmoja kulia, mtoto mmoja ndani ya kila mlango. Déo hakuja. Alisema anakwenda kazini, na kazini alikuwa na mzigo mwingine, maana wenzake walikuwa wameanza kumuuliza koti analitunzia harusi ya nani.

Pulchérie alifumba macho akaomba. Alimwombea Fabrice, moyo wake uwe safi. Alimwombea Landry, moyo wake uwe safi. Aliomba hivyo mara nyingi, kwa zamu, bila kumpendelea mtu. Halafu, akiwa amechoka, maombi yakaenda yenyewe yalikozoea kwenda, na akajisikia anasema, kwa midomo kabisa, neno kwa neno: "Na kama Fabrice anao ugonjwa, Bwana, basi na Landry awe nao."

Akafumbua macho. Aliruka kutoka kwenye kiti kama aliyeguswa na waya wa umeme, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mama mmoja aliyekuwa karibu, mtoto mchanga mapajani, akamtazama, akasogea mbali kidogo.

Amemwombea mtoto wake ugonjwa. Mtoto aliyemzaa, ambaye hajamkosea mtu, amemwombea moyo mbovu ili sahani zilingane. Pulchérie alisimama katikati ya korido, na kwa mara ya kwanza tangu azae alimwona bibi yake wa Uvira na sheria zake zote, akamwogopa. "Futa, Bwana," alisema. "Futa, futa, hilo sikulisema."

Daktari alikuwa mwanamke mpole, aliwaita pamoja. Moyo wa Landry ulikuwa safi, ila arudi kila mwaka waangalie. Wa Fabrice, ukuta wake ulikuwa mnene kidogo kuliko kawaida. Huenda ni mazoezi, wachezaji wengi wanakuwa hivyo. Huenda si mazoezi. Apumzike miezi kadhaa, asikimbie, arudi apimwe tena. Hatuna uhakika, daktari alisema, akarudia ili waelewe.

Fabrice alielewa kabla ya wote. Timu haichagui mtu ambaye daktari hana uhakika naye. Aliitikia kwa kichwa, akamshika kaka yake bega, akasema, "You're good, bro. You're good." Landry hakuweza kumtazama.

*

Ilipofika siku ya uteuzi nyumba ilijaa watu, maana Déo alikuwa amewaalika mapema siku za furaha, na mwaliko ukishatoka huwezi kuuita urudi. Mchungaji Tomasi alikuja na mkewe. Épiphanie, jirani wa mlango wa pili, alikuja na sufuria la wali na sauti yake ya kwaya. Alnasir alikuja na soda. Lifti ilikuwa inafanya kazi, ajabu hiyo. Kila aliyeingia alisema "hongera" kwa mazoea, kisha akakumbuka, akainamisha macho.

Déo alivaa koti lake. Alisema amelinunua, atalivaa.

Runinga ilikuwa na sauti kubwa kuficha ukimya wa watu. Majina yakaanza kuitwa, vijana warefu wakapanda jukwaani, mama zao wakalia. Pale ambapo tovuti zote zilisema lingeitwa jina la Fabrice, likaitwa jina la mtu mwingine. Watu wa sebuleni waliangalia sakafu. Fabrice alikuwa anapita na sinia akigawa soda. "Mchungaji, ya machungwa au ya kola?" Alisema hivyo wakati huohuo kabisa, na sinia halikutikisika.

Mzunguko wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Mtu jukwaani akasoma jina, na kwa nusu pumzi hakuna aliyeelewa, maana lilisomwa vibaya. Halafu picha ikatokea.

"Landry!" Amandine alipiga kelele. "It's Landry! Mama, ni Landry!"

Nyumba ikapasuka. Épiphanie akapiga vigelegele mpaka mbwa wa ghorofa ya chini akabweka. Mchungaji akanyanyua mikono. Aliyekuwa wa kwanza kumrukia Landry alikuwa Fabrice, alimbeba mzima-mzima, akamzungusha, kichwa kikagonga taa. Déo alisimama na koti lake, mdomo wazi, hajui acheke au alie.

Simu ya Landry ikaita. Ilikuwa namba ya Amerika, timu yake inamtafuta. Landry alishushwa chini, akaitoa mfukoni, akaitazama, akaiweka mezani kifudifudi.

"Siendi," alisema.

Vigelegele vikakatika.

"Umesemaje?" Déo akauliza.

"Siendi, Papa. Hii si yangu. Ni yake. Kila mtu hapa anajua ni yake." Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akamgeukia mama yake. "Mama, wewe ndiye ulitufundisha. Akikosa mmoja, wote wamekosa. Mwambie. Mapasa hawapimwi. Mwambie Papa."

Simu ikanyamaza, kisha ikaanza tena, inatetemeka juu ya meza kati ya wali na soda. Watu wote wakamtazama Pulchérie, maana sheria ilikuwa ya kwake.

"Landry, don't be stupid," Fabrice alisema. Kisha kwa Kiswahili, taratibu, akimkazia mama yake macho: "Mama. Usiseme kitu kingine. Mwambie tu apokee."

Pulchérie alimwelewa. Mtoto alikuwa bado anamfunika, mbele ya kanisa zima, na angeendelea kumfunika mpaka uzeeni. Angeitwa mjinga na baba yake kila Krismasi, na angetabasamu. Pulchérie aliona miaka yote hiyo imepangwa mbele yake, na ulimi ukafunguka.

"Fabrice hakusema," alisema. "Ni mimi."

"Mama, no."

"Ni mimi, Déo. Mjumbe alikuja hapa, akakaa pale, nikamwambia Fabrice alizimia. Hakuniuliza hilo. Bwana Alnasir alinikataza mara mbili, nikamlazimisha. Niliona wanampenda Fabrice kuliko Landry, nikampunguza. Nilimpunguza mtoto wangu kama wali. Na ulipomtukana, nikanyamaza."

"Yesu wangu," Épiphanie alinong'ona, akakaa.

Déo alimtazama mkewe kana kwamba mtu mwingine ameingia nyumbani mwake na kitambaa cha mkewe kichwani. Kisha akamtazama Fabrice. Akafungua mdomo kumwambia kitu, mjinga yule aliyejichongea, akaufunga, akashika kola ya koti lake akaibana kama anayesikia baridi.

"Ulijua?" Landry akamuuliza pacha wake. "All this time?"

Fabrice akainua mabega.

Simu iliita mara ya tatu. Pulchérie alikwenda mezani akaichukua, akaishika mbele ya Landry.

"Pokea."

"Na Fabrice?"

"Fabrice anabaki."

"Mama..."

"Wewe unacho, yeye hana. Ndivyo ilivyo. Nenda peke yako." Alisema maneno hayo na yakamkata kinywa, maana hakuwahi kuyasema, na bibi yake hakuwahi kumfundisha. "Pokea, mwanangu, kabla hawajachoka. Nenda."

Landry akapokea. Alitoka nayo kwenye korido, akisema "yes, sir, yes, sir" huku akilia, na mlango ukajifunga nyuma yake. Sebuleni hakuna aliyesogea. Mchungaji Tomasi alifikiria sala, akaona bora anyamaze, na hilo lilikuwa jambo la busara kuliko mahubiri yake mengi.

Fabrice ndiye aliyesogea. Alikwenda mezani, akachukua sahani mbili, moja ya kwake na moja ya kaka yake, akaziweka mbele ya mama yake kama walivyofanya utotoni. Ya Landry aliiacha pale. Ya kwake aliinyanyua.

"Mama," alisema. "Niongezee."

Katika meza ile, miaka yote, Fabrice hakuwahi kulisema neno hilo. Pulchérie alishika mwiko. Akamtilia wali, akamtilia sombe ya majani ya muhogo, akamtilia nyama, na Fabrice hakusema basi, akamtilia tena mpaka mchuzi ukamfika kwenye dole gumba. Halafu mkono, kwa mazoea yake, ukainuka wenyewe na mwiko umejaa, ukaenda kwenye sahani ya pili. Ulifika juu yake, ukasimama hapo. Watu wote waliuona.

Pulchérie akaurudisha mwiko sufuriani.

"Kula," alimwambia. "Yote ni yako."